Umeme wa Dezo

Shemeji yangu wa Kibaha anapenda vitu vya dezo, na dezo anayoipenda kuliko zote ni umeme. Mkoani kwetu Pwani, Mto Rufiji umejengewa Bwawa la Julius Nyerere lenye mitambo tisa na megawati 2,115, lakini yeye anautaka ule unaozalishwa chini ya boneti. "Shem," huniambia, "alteneta inazunguka tu. Kwa nini isitufanyie kazi?"

Gari lenyewe ni Hiace, kipanya kilichostaafu udaladala. Kimeng'olewa viti, kimewekewa godoro, pazia na meza ya kukunja, na sasa kinaitwa nyumba. Tatizo ni kwamba abiria wa kituoni Maili Moja, hapo Kibaha, hawajapewa taarifa. Bado wanakisimamisha.

Siku ya mechi ya Simba na Yanga akatangaza kwamba sote, Simba kwa Yanga, tutaitazamia Kisarawe, kwenye msitu wa Kazimzumbwi, chini ya miti. Tukapakia runinga ndogo, king'amuzi, dishi na sanduku lake la umeme, yaani betri ya kubebeka ya wati-saa 1,000. Sanduku lilikuwa tupu. Watoto walishalimaliza kwa katuni. "Litajaa njiani," akasema.

Mimi ni mwalimu wa hesabu, nikamweleza. Tundu la kuwashia sigara hutoa volti 12 na, kwa waya wake mwembamba, ampia 10 hivi. Hizo ni wati 120. Sanduku la wati-saa 1,000 linataka zaidi ya saa nane za mwendo, na kutoka Kibaha kwenda Kisarawe, ukikata Kiluvya kutokea Mpuyani, huwezi kumaliza saa nane hata ukisukumwa. Shemeji akajibu kwamba walimu wa hesabu ndio wanaochelewesha maendeleo.

Tena alteneta ya zamani haina nguvu gari likiwa sailensa, na sisi kila kituo tulikuwa sailensa, shemeji akiwaeleza watu kwamba hii si daladala. Mama mmoja mwenye kapu la samaki hakungoja maelezo. Alipanda, akakaa juu ya godoro, akashukia Kisarawe mjini. Nauli shemeji aliipokea.

Tulifika msituni sanduku likisoma asilimia 11. Runinga na king'amuzi vilikula kama wati 80, kwa hiyo nilijua mwisho wa mechi tutausikiliza redioni. Gari likazimwa, mechi ikaanza, na asilimia zikaanza kupanda! Kumi na tatu. Kumi na tano. Shemeji akasimama mbele ya runinga. "Mwalimu, njoo uhesabu na hii!"

Maelezo yalikuwepo. Fundi wake alikuwa ameliunga lile tundu moja kwa moja kwenye betri, bila kupitia swichi, ili simu zichajiwe hata gari likizimwa. Sanduku lilitoa wati 80 kwa runinga huku likinyonya 120 kutoka betri ya gari. Filimbi ya mwisho ikapulizwa, shemeji akageuza ufunguo. Tik. Akageuza tena. Tik.

Umeme wetu wote ulikuwa ndani ya sanduku, na sanduku halikuweza kuurudisha. Tundu lake la volti 12 hutoa ampia 10; stata inataka zaidi ya mia. Tukasukuma. Walioshinda walisukuma wakiimba, walioshindwa walisukuma wakidai lile goli lilikuwa la kuotea, mpaka kipanya kikawaka.

Ukitaka kuchaji sanduku kwa gari la zamani, mwambie fundi akuvutie waya mnene, aweke fyuzi karibu na betri, na rilei ya kukata umeme swichi ikizimwa. Alteneta hulilisha gari kwanza, na umeme wake si wa dezo: unaulipia kituo cha mafuta. Kama hayo ni mengi, chomeka sanduku ukutani usiku wa kuamkia safari, na watoto wanyang'anywe rimoti.