Nimelipa Ada, Nimepewa Jembe

Jirani, mimi nililipa ada nikafundishwe kulia. Ndiyo, kulia. Siyo kule kwa kufiwa, hapana. Kulia kwa kwenye muvi, chozi moja linateremka shavu la kushoto, kamera inasogea, demu anasema usiniache. Hicho ndicho kipaji changu, mtaa mzima unajua. Nikiwa na njaa ndiyo nalia vizuri zaidi.

Basi nikajiandikisha chuo, stashahada ya sanaa za maonyesho. Chuo gani? Achana nayo hiyo, matokeo yangu bado yako mezani kwa watu. Nikakaa nasubiri somo la kulia. Wiki zinakatika, halipo. Nikaenda ofisini kuuliza, jamani, tunalia lini? Mama wa ofisini akaniangalia kwa juu ya miwani. Akaniuliza umemaliza ada? Nikamwambia bado. Akasema basi wewe utalia mapema kuliko wenzako.

Kwenye ratiba kumbe kuna kitu kinaitwa Ngoma za Asili. Lazima, siyo hiari. Usipofaulu hapo, muvi utaziangalia kibandaumiza. Na ngoma ya kuanzia ikatangazwa: bugobogobo.

Huijui? Hata mimi. Madam, mwalimu wetu wa ngoma, akatueleza ni ngoma ya Wasukuma ya kulimia. Watu wanajipanga mstari shambani, wapiga ngoma wanatangulia, majembe yanapanda na kushuka kwa mdundo, na shamba linaisha watu hawajapata nafasi ya kukumbuka kuchoka. Baadaye ngoma ikapandishwa jukwaani. Udongo ukabaki shambani. Jembe likaja. Na jembe lenyewe usifikiri ni la boksi lililopakwa rangi, ni jembe jembe, chuma na mpini, lile la duka la vifaa.

Sasa sikia uchungu wangu ulipo. Mzee wangu ni Msukuma, alitoka Magu kijana kabisa, akaja Dar kubeba mizigo Kariakoo, akanisomesha kwa mgongo wake. Kila nikirudi na ripoti mbovu maneno ni yaleyale: soma mwanangu, usije ukashika jembe. Nimesoma. Nimefika mpaka chuo. Nimeshikishwa jembe. Tena la kununua mwenyewe! Kwenye fomu ya mahitaji lilikuwa limeandikwa chini ya madaftari, "jembe moja lenye mpini", mimi nikajua ni la usafi wa mazingira.

Umeshawahi kupanda daladala ya asubuhi na jembe? Usijaribu. Konda anataka nauli ya watu wawili. Abiria wa nyuma anapiga kelele, mzee wa shamba, geuza hilo dude litatutoa macho. Babu mmoja mpole kabisa akaniuliza siku hizi tunachimba kaburi shilingi ngapi. Na yule dada niliyekuwa nimeshamsogelea kistaarabu, nimeshasema mambo, ameshasema poa, akahama siti.

Darasani nako ndiyo usiseme. Wenzangu wengi wana miaka 19, 20. Wananiita anko. Anko una chaja? Anko shikilia begi. Madogo hawa amapiano imeshawaingia kwenye magoti, wanaonyeshwa hatua mara moja tu, wameidaka, tena wanaongezea na madoido yao. Mimi nahesabu moja, mbili, tatu, nikifika nne mguu umeshapanda gari la kwao.

Halafu Madam akasoma jina langu kwenye daftari. Akalirudia. Akatabasamu, na mimi nikajua leo nimekwisha. "Aaah, Ngosha! Njoo mbele huku. Wenzako waone damu inavyocheza."

Jirani, damu gani? Mimi nimezaliwa Mbagala. Kisukuma changu chote ni mwangaluka, na hiyo salamu ya asubuhi nimewahi kumpa bibi saa mbili usiku. Lakini nimeshawekwa mstari wa mbele, nimefungwa njuga miguuni, ngoma zinalia, darasa zima linasubiri mizimu ya Usukumani inipande. Haikupanda. Labda ilikwama foleni ya Kibaha. Pembeni yangu kuna binti wa Kidigo kutoka Tanga, Mwanza anaijua kwa kuisikia, analizungusha jembe kiunoni, bega hili, bega lile, mpaka wapiga ngoma wanamshangilia. Mimi mwenye damu nimejigonga ugoko.

Ngoma yenyewe inataka hivi. Magoti yakunje. Mgongo ulale. Kidole gumba kikae juu ya mpini, siyo pembeni. Jembe lipande na pumzi, lishuke na mguu wa kulia. Hapo hapo uso uwe juu, na utabasamu. Utabasamu! Wewe umewahi kumwona mtu analima huku anachekelea? Nikimuuliza Madam anasema mtazamaji hajaja kuona taabu zako. Sasa taabu zangu akazione nani?

Mgongo ukaniuma kitu cha ajabu. Geto kwetu choo ni cha kuchuchumaa. Kuchuchumaa nilichuchumaa vizuri tu. Kunyanyuka sasa, ikabidi nimpigie simu mpangaji mwenzangu.

Na hapo bado hatujafika kwenye kurusha. Ndiyo, linarushwa. Linazunguka hewani, linarudi, unalidaka kwenye mpini, hakuna kusimama. La kwangu kupanda lilipanda freshi. Lilipoanza kurudi mimi nikawa mlangoni. Mstari mzima umebaki pale pale, pengo ni moja tu. Madam akasema Ngosha, jembe limekufuata ukalikimbia. Nikaomba tutumie fagio kwanza mpaka tuzoee. Akaniambia fagio lipo, ni la wanaochelewa.

Nadharia angalau unakaa kwenye kiti. Madam anapenda sana kutukumbusha mwaka 1962, Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Alisikitika kwamba wasomi wetu shuleni walifundishwa nyimbo za Kizungu, rumba na chachacha wanazimudu, ila gombe sugu na mangala hata kuzisikia hawajazisikia. Darasa likanigeukia mimi. Mnaniangaliaje? Hata hiyo rumba yenyewe siijui, mimi sipo upande wowote.

Akatueleza na habari za Wagika na Wagalu. Hii nilisikiliza, maana ilikuwa na ugomvi. Ni vikundi viwili vya ngoma vya Wasukuma, asili yake waganga wawili wa zamani, Ngika na Gumha, walioshindana nani ana dawa kali zaidi. Wafuasi wao mpaka leo wanachuana, na uwanja maarufu ni Bujora, pale Kisesa, nje kidogo ya Mwanza, kwenye kituo alichokianzisha Padri David Clement, Mkanada. Sikukuu yenyewe inaitwa Bulabo, mwezi wa sita. Utamu uko hapa: vikundi vinacheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake, na hakuna jaji wa kukaa mezani na kalamu. Watazamaji ndio jaji. Wanahama wanavyotaka, na aliyevuta umati mkubwa ndiye mshindi. Kwa hiyo watu wanaleta vituko, wanaleta masanamu, wanaleta fisi, na dawa za mvuto hazikosekani. Kuna na Wayeye, hao wanacheza na nyoka mkononi.

Nikanyoosha kidole. Nikauliza kama dawa ya mvuto imo kwenye ada.

Madam akaona huo ndio uwe mtihani wetu. Siku ya wageni, Wagika upande wa jukwaa, Wagalu chini ya mwembe. Mimi nikaangukia Wagalu, na Wagalu wakanuna wazi wazi. Binti wa Tanga kachukuliwa na Wagika.

Tukaanza. Jirani, watu walihama mpaka nikaona aibu kwa niaba ya mwembe. Wageni wote, walimu, walinzi, mpaka fundi aliyekuja kurekebisha spika, wote kwa binti wa Tanga. Sisi tulibakiwa na mtoto mmoja anayelamba ubuyu, na mama wa maandazi, na yule mama mimi najua alibaki kwa sababu ananidai.

Ikafika zamu ya kurusha. Safari hii nikasema sikimbii. Nikakunja magoti, nikavuta pumzi, nikalitupa kwa hasira zangu zote, ada, daladala, anko, vyote nikavirusha juu. Likapanda. Nikanyoosha mikono, uso juu, tabasamu lipo. Nikangoja. Wenzangu wakadaka yao, wakaendelea. Mimi bado nangoja. Mtoto wa ubuyu akaonyesha kidole. Jembe limenasa kwenye mwembe.

Sasa Madam alituambia jambo moja, liwe liwalo, usisimame. Basi sikusimama. Nikalima bila jembe. Nainua hewa, nashusha hewa, natabasamu, njuga zinalia, embe mbichi zinadondoka moja moja, moja ikanipata utosini, nikaendelea kulima. Mama wa maandazi alianza kucheka akashindwa kujizuia, ananiita Ngosha vuna basi, vuna! Upande wa pili wakageuka. Wakaja wachache. Wakaja wote. Simu juu. Fundi spika kapanda mti na waya zake shingoni. Hata wapiga ngoma wa Wagika walikuja wakaacha ngoma zao.

Madam akahesabu vichwa. Tumeshinda.

Kikundi kikapata A. Mimi kwenye alama binafsi nimepata D, na maoni kwa kalamu nyekundu: "Hajui. Ana mvuto." Kiongozi wa kikundi, dogo wa miaka 19, akanivuta pembeni kwa heshima zote. "Anko, tafadhali, usije ukajifunza. Ukijua tumekwisha."

Klipu imezunguka mpaka ikamfikia mzee. Akapiga simu usiku. Nikaipokea nimesimama.

"Lile ni jembe?"

"Ndiyo, baba."

Kimya. Nasikia tu anavyopumua. Nikajua ananipigia hesabu za ada zote tangu chekechea.

"Unalishika vibaya," akasema, akakata.

Muhula ujao orodha ya ngoma imeshabandikwa ukutani. Tunaanza na ya Wayeye, na jina langu limeandikwa la kwanza kwa sababu ya ule mvuto. Nikamuuliza Madam, huyo nyoka ni wa mpira, eti? Akacheka mpaka akavua miwani, akaenda zake. Fomu ya mahitaji wanatoa Ijumaa.