Mbwa Ananipigia Miayo

Kudharauliwa na watu nimezoea. Makonda wananijua kama mzee wa noti iliyochanika. Mangi wa dukani akiniona nakuja anaanza kutafuta daftari la madeni kabla sijasalimia. Hayo nayabeba. Lakini kupigiwa miayo na mbwa ninayemlisha mwenyewe? Sogeza kistuli, jirani, nikae.

Mbwa anaitwa Komando. Jina nilimpa siku aliyoletwa ndani ya kiroba cha mchele, kabla sijamjua. Nilimchukua baada ya wezi kutupunguzia ndoo mbili na zulia lililokuwa linakauka uani. Miezi minane sasa. Wezi wakirudi leo, Komando atawamulikia tochi. Kazi anayoiweza ni viatu. Na angekula jozi nzima ningemshukuru. Hapana, anakula kimoja tu. Nina viatu sita ndani, vyote vya kulia.

Pale kijiweni kwa muuza kahawa kuna bingwa wa kila jambo. Akaniambia mbwa ukoo wake ni mbwa mwitu, si hawa wetu wa mbugani wenye mabaka, wale wa nchi za baridi. Kwenye kundi lao lazima awepo bosi. Muoneshe bosi ni nani! Wewe ule kwanza, yeye abaki anatazama. Mlangoni upite wewe kwanza.

Nikaanza siku hiyo hiyo. Nikala ugali nimesimama uani, mbele ya mbwa, watoto wa jirani wamejipanga kwenye uzio wanauliza kama nimefukuzwa ndani. Mlangoni tukawa tunashindana mbio. Komando akaona mchezo mtamu. Siku ya tatu nikagonga fremu kwa paji la uso. Yeye alishapita.

Halafu sasa, hotuba. Nikirudi nikute kandambili imetafunwa, namsimamia na kidole juu, naongea kwa sauti ya mwenye nyumba. Mimi ni mpangaji, lakini mbwa hajui. Katikati ya hotuba anageuza uso pembeni. Analamba midomo. Halafu anapiga miayo! Mdomo wote wazi, mpaka nahesabu magego.

Bwana mifugo akaja kumchanja kichaa cha mbwa. Bwana mifugo wetu ni binti, lakini cheo ni hicho hicho. Nikasema, daktari, kabla hujamchoma, tazama dharau ninayoishi nayo. Nikanyanyua kidole. Komando akapiga miayo. Binti akacheka mpaka akatua chini kiboksi chake cha barafu.

"Baba Neema, shikamoo kwanza. Huyu hakudharau. Anakuogopa."

Akanifafanulia taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni kituo cha basi. Mbwa akipiga miayo hana usingizi, akilamba midomo na chakula hakuna, akikwepesha macho, ujue roho haijatulia. Anakuomba yaishe. Hata mkia kutikisika si lazima iwe furaha. Ukiuona umesimama juu, umekakamaa, unatikisika kidogo kidogo, usinyooshe mkono wako hapo.

Nikamwambia lakini kosa analijua, ukimwona sura unaona kabisa mkosaji. Akasema huko Marekani kuna mtafiti anaitwa Alexandra Horowitz, mwaka 2009 alichapisha utafiti wa kuwapima mbwa kwa jambo hilo. Wenye mbwa waliambiwa wengine mbwa wao kaiba biskuti, wengine hakuiba, na si kila walichoambiwa kilikuwa kweli. Ile sura ya mkosaji ilitoka pale mbwa alipofokewa, awe kaiba au hakuiba. Tena aliyesingiziwa ndiye aliyeonesha sura hiyo zaidi.

Nikanyamaza. Nilikumbuka kandambili ya mwezi wa tatu. Ilikuja kuonekana juu ya bati, fundi alipopanda kuziba. Niliirusha mwenyewe usiku nikifukuza paka. Kesi ya Komando ilishaamuliwa na adhabu alishapata.

Na habari ya bosi? Nayo ikafa pale pale. Ilianzia kwa mbwa mwitu waliofungiwa pamoja bila kuwa ndugu, wakawa wanagombana. David Mech, ambaye kitabu chake cha 1970 kiliisambaza sana, baadaye alikaa na mbwa mwitu walio huru, na mwaka 1999 akaandika kwamba kundi lile kwa kawaida ni baba, mama na watoto wao. Bosi ni baba tu. Jirani, mimi ni baba wa watoto watatu. Rimoti yenyewe sijaishika tangu Pasaka.

"Umewahi kusikia panya wa Morogoro?" binti akauliza. Pale Chuo Kikuu cha Sokoine kuna shirika la APOPO, wanafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini. Hawamchapi. Panya akipatia, anasikia mlio mdogo, tik, halafu anapewa ndizi. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa Tanzania, akapelekwa Kambodia, akafichua mabomu na vilipuzi zaidi ya 100. Mwaka 2020 akavishwa medali ya dhahabu kutoka Uingereza. Mimi nimesoma shule ya msingi miaka saba kwa fimbo. Medali sina.

Basi nikanunua dagaa, nikachukua kalamu ya kubonyeza. Mbwa akikaa, bonyeza tik, mpe dagaa. Rahisi. Ila tik lazima ije papo hapo, maana ukichelewa unalipia kitu kingine. Na mimi kuchelewa ndiyo kipaji changu. Komando anakaa. Natafuta kalamu. Komando kachoka kukaa, kanirukia kifuani. Tik! Dagaa! Ndani ya wiki akawa fundi wa kurukia vifua. Mama Neema ana dera lenye nyayo nne.

Usiku ndiyo usiseme. Saa nane akabweka. Nikaamka na dagaa mkononi nimtulize. Akatulia. Kesho yake akabweka saa saba. Kesho kutwa saa sita, saa saba na saa nane. Nikampigia binti simu asubuhi, macho mekundu. Akasema, "Baba Neema, unamlipa abweke." Kumbe nilikuwa natoa ova taimu.

Dawa yake: nimpe akiwa kimya, nisubiri anyamaze kabla ya dagaa, nimpe mfupa wa kutafuna, viatu viingie ndani. Neema ana miaka tisa, kamfundisha kukaa kwa siku nne. Mimi nimebaki mbeba dagaa. Wako mfuko wa shati, mfuko wa suruali, mpaka kwenye pochi. Kwenye daladala napata siti mbili. Paka wa mtaa mzima wananisindikiza kituoni.

Binti alinigusia pia habari za Pavlov, yule Mrusi aliyepata Nobeli mwaka 1904, ambaye mbwa wake walitokwa udenda kwa kusikia tu mlio, chakula bado. Hakuniambia kwamba ugonjwa huo unampata na mwenye dagaa.

Juzi nimeenda ofisi moja kuomba barua ya utambulisho. Mheshimiwa akasoma karatasi zangu, akaegemea kiti, akabonyeza kalamu. Tik. Mkono wangu wenyewe, bila ruhusa yangu, ukaingia mfukoni. Mheshimiwa akauona. Akatazama mlangoni. Akavuta droo kidogo, taratibu.

Nikamwekea dagaa watatu.

Barua sijapata mpaka leo. Kama una ndugu pale ofisini, jirani, niombee. Mwambie nilikuwa nafundisha mbwa.