Choo Kisichotaka Matunzo: Mwongozo kwa Nyumba ya Kupanga

Nyumba ina vyumba sita, iko Manzese au Tandika, Dar es Salaam, choo ni kimoja na shimo limejaa. Mwenye nyumba anakaa Mbezi, na kila akipigiwa simu kuhusu choo yuko msibani. Gari la maji taka halipiti uchochoroni, na hata lingepita, nani atatangulia kutoa hela? Kuwaita vyura, wale vijana wanaoshuka shimoni usiku na ndoo zao, kunahitaji mchango uleule. Imebaki njia ya wazee, kungoja masika na kulitapisha shimo wakati mvua imepamba moto, jirani wa bondeni apokee. Nayo siku hizi inaishia kwa mjumbe.

Hapo ndipo mpangaji mmoja msomi anaposimama kikaoni na kutoa hoja: tujenge choo cha mboji, hakitaki maji, hakitaki gari, hakitaki matunzo. Mwongozo huu ni wa kumsaidia yeye, kwa sababu wenzake wote wamesikia yale maneno mawili ya mwisho tu.

Anzeni na hesabu. Mtu mzima hutoa lita 500 hivi za mkojo kwa mwaka, na kilo 50 hivi za haja kubwa. Nyumba ya watu 15, bila kuhesabu wageni wa kutoka mkoani, inatoa kama lita 20 za mkojo kila siku. Kwa hiyo kile choo cha ndoo na maranda, ambacho Mmarekani Joseph Jenkins alikipigia debe katika kitabu chake cha mwaka 1994, kwenu kitajaa mkojo mtupu kabla ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Jenkins hakumdanganya mtu. Alieleza wazi kwamba ndoo humwagwa kwenye lundo, lundo likafunikwa na kuachwa lipande joto mpaka vijidudu vife. Ila aliandika akiwa na eneo. Uani kwenu kuna kamba ya nguo, jiko la mama wa chumba cha kwanza na bodaboda ya chumba cha tano. Mkitaka lundo, anzeni kwa kumshawishi mwenye bodaboda.

Waswidi nao msiwakimbilie. Mwaka 1939 Rikard Lindström alibuni tangi kubwa la kukaa chini ya nyumba, sakafu yake imeinamishwa, mzigo unateremka taratibu kwa miaka na kufika chini ukiwa mboji. Kazi nzuri kabisa, na ndiyo iliyozaa vyoo vya Clivus Multrum. Mwambieni mwenye nyumba achimbe chumba cha chini ya ardhi. Akimaliza kucheka, mwulizeni kama angependa vile vidogo vya umeme, vyenye feni na hita, ambavyo vingi vimekusudiwa familia ndogo inayokwenda mapumzikoni wikiendi. Nyumba ambayo haijamaliza kugombana ni friji ya nani inayokula umeme wa LUKU haifai kuongezewa mtuhumiwa mwingine.

Kinachobaki ni choo cha chemba mbili kinachotenganisha mkojo, ambacho Wavietnamu walikieneza vijijini kwao tangu miaka ya 1950. Hiki ndicho nitakachokisifia, na nitakisifia kwa dhati, maana kinafanya kazi. Kinajengwa juu ya ardhi, kwa hiyo masika hayakifikii kirahisi. Unapanda ngazi tatu nne, unakuta sinki la kuchuchumalia lenye matundu mawili. La mbele ni dogo, limeinama kuelekea kwenye bomba, nalo hupeleka mkojo kwenye dumu. La nyuma ni pana na linaangalia chemba moja kwa moja. Pembeni kuna ndoo ya majivu, na ndani yake kopo la Blue Band la kuchotea. Unamaliza, unachota, unamwaga tundu la nyuma, unafunika. Nyuma kunapanda bomba la hewa la inchi nne, juu limezibwa kwa wavu. Inzi aliyezaliwa chembani hufuata mwanga wa juu na kuishia wavuni, mradi ndani ya choo kuna giza kiasi. Kikiwa kikavu, hakinuki.

Ugumu uko kwenye kulenga. Mtu mzima aliyetulia, mchana, analenga vizuri. Mtoto wa miaka minne atachuchumaa katikati na haja kubwa itakaa juu ya tundu la mbele, palepale, ikimsubiri anayefuata. Bachela wa chumba cha nne akirudi saa nane usiku, umeme umekatika na yeye mwenyewe amekatika, atasimama mlangoni na kukojolea kote kwa usawa. Chemba ikishaingia mkojo huvunda, funza huzaliwa, na kikao cha dharura huitishwa na watu wasiosalimiana.

Halafu kuna kopo. Hapa simaanishi la majivu, nasema lile la maji. Vyoo vingi vya namna hii vilibuniwa na watu wa karatasi, na michoro yao haina mahali pa mtu anayechamba. Mkiwa na fundi mwelewa atawawekea sehemu ya tatu ya kutawazia, maji yake yaende kwenye shimo dogo la kokoto. Itabidi mtumiaji ajisogeze kidogo akiwa bado amechuchumaa, zoezi ambalo shangazi mwenye magoti mabovu atalikataa kwa haki kabisa. Wanaoona hili ni gumu wanaweza kuuliza kuhusu choo cha minyoo ya mboji. Chenyewe kinapokea maji, minyoo inakula, maji yananywewa na ardhi, na kinaweza kukaa miaka kabla ya kuchotwa. Masharti ni mawili: ardhi isiwe ya kujaa maji, na mama wa chumba cha tatu aache kumwaga dawa ya chooni kila Jumamosi, maana ataua wafanyakazi wote kwa mkupuo.

Sasa tufike kwenye matunzo yenyewe. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2006 unasema kwamba katika joto kama la kwetu, nyuzi 20 hadi 35, mzigo mkavu uliofungiwa unatakiwa kupumzika zaidi ya mwaka mmoja kabla haujatumika shambani. Wasiwasi mkubwa ni mayai ya minyoo ya tumboni, ambayo ni sugu kuliko mpangaji mwenye deni. Ukitia majivu au chokaa ya kutosha, pH ikapanda juu ya 9 na mzigo ukabaki mkavu, inatosha zaidi ya miezi sita. Maranda hukausha na kupunguza harufu, lakini hayapandishi pH namna hiyo.

Someni tena aya hiyo mkiwa mmeshika mikataba yenu. Kodi mmelipa ya miezi sita. Chemba ya kwanza inaanza kutumika leo, nanyi 15 mnaijaza kwa muda kama huohuo, halafu inafungwa ipumzike. Yaani siku ya kuifungua na kuingia na beleshi, wengi wenu mtakuwa mmeshahama. Choo hiki kweli hakitaki matunzo, kwa anayejua kuhama kwa wakati. Kwa hiyo likija suala la majivu au maranda, mpangaji mjanja atapigania maranda kwa nguvu zote. Atasema maranda yanapatikana kwa mafundi seremala wa Keko, jambo ambalo ni kweli, na kwamba tangu nyumba ihamie kwenye gesi majivu yamekuwa adimu, nalo ni kweli. Hatasema kwamba amejinunulia miezi sita ya ziada ya kufunga virago.

Mkojo ndio unaowaumbua, kwa sababu dumu halingoji mkataba. Lita 20 kwa siku ni dumu zima, kila siku, Idi na Krismasi. Mkojo una naitrojeni nyingi, na ukichanganywa sehemu moja kwa sehemu kumi za maji mchicha unanawiri, lakini bustani yenu yote ni sufuria chakavu yenye mche wa mwarobaini. Pelekeni bomba kwenye shimo la kokoto na msijidai wakulima.

Nyumba inayotaka kweli kutojishughulisha itafute wa kulipwa ajishughulishe. Nairobi, katika mitaa ya Mukuru, kampuni ya Sanergy ilianza mwaka 2011 kuweka vyoo vya bluu vya Fresh Life. Ni vyoo vikavu vinavyotenganisha mkojo vilevile, ila mzigo unaingia kwenye chombo kinachotolewa na wahudumu, wakaacha kingine kisafi na kuupeleka ukageuzwe mbolea na chakula cha mifugo. Hakuna aliyeondoa kazi hapo. Wamempa mtu mshahara. Pendekezeni mchango wa namna hiyo kikaoni na mtasikia jinsi watu 15 wanavyoweza kunyamaza.

Mkishindwa kote, jengeni chemba mbili, andikeni zamu ukutani kwa rangi ya mafuta isiyofutika, majina na tarehe, na beleshi likae chumbani kwa mwenye mkataba mrefu zaidi. Mpangaji mpya aletwe kuangalia chumba wiki ileile mliyohamia chemba ya pili, wakati bado ni tupu na inanukia saruji. Akiuliza ile nyingine iliyofungwa ina nini, dalali atajibu kwamba ni stoo.