Barua ya Wazi kwa Idara ya Njoo Kesho

Kwa: Mhasibu Mkuu,
Idara ya Njoo Kesho,
Tunduma, pamoja na dawati lake dogo la Ruanda, mkoani Songwe.

YAH: STAHIKI ZA ALIYEACHA KAZI

Stahiki za mfanyakazi aliyeacha kazi ni deni, si zawadi ya kuagana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inazitaja moja moja katika kifungu cha 44: mshahara wa siku zilizofanyiwa kazi, malipo ya likizo ambayo haikuchukuliwa, na sehemu ya likizo ya mwaka usiokamilika, inayokokotolewa kwa mshahara wa siku moja kwa kila siku 13 za kazi. Kuna pia cheti cha utumishi. Aliyeajiriwa mbali hurudishwa alikotolewa yeye na mizigo yake, au hupewa nauli isiyopungua ile ya basi hadi stendi ya karibu na huko. Sheria imefika hadi stendi. Idara haijafika hata dirishani.

Kiinua mgongo ni jambo jingine. Hulipwa mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, kwa miaka isiyozidi 10, mwajiri anapomwachisha kazi mtu aliyetumikia angalau miezi 12. Anayeacha mwenyewe kwa kawaida hakipati, isipokuwa mwajiri ndiye aliyeyafanya maisha ya kazini yasivumilike. Vilevile anayelipwa kwa mwezi hutakiwa kutoa notisi ya siku 28. Haki itendeke kwa kusema kwamba vifungu hivi viwili Idara imevihifadhi kichwani, namba na nukta zake.

Utaratibu wa Idara una hatua mbili. Ya kwanza ni makabidhiano, na hapo kasi yake ni ya kupigiwa mfano. Utingo wa lori aliyeacha kazi huweka mezani kitambulisho, sare na funguo. Karani huhesabu, hugonga muhuri, humsainisha, na kabla chai haijapoa kila kitu kimeingia kabatini. Hatua ya pili ni malipo. Wiki ya kwanza bosi amevuka mpaka kwenda Nakonde. Wiki ya pili mhasibu yuko kwenye foleni ya malori, anafuatilia mzigo. Wiki ya tatu faili lipo, linasubiri saini. Wiki ya nne saini ipo, faili ndilo halionekani. Kila mara huambiwa, "Vuta subira, kaka, njoo kesho," naye hutoa nauli nyingine ya bodaboda, mpaka safari za kudai zinaanza kulitafuna deni lenyewe.

Akizidi kung'ang'ania, huulizwa: "Mkataba wako uko wapi?" Swali hilo hupendwa sana na mwajiri ambaye hakuwahi kuuandika. Kifungu cha 15 kinalirudisha kwake: katika shauri, mwajiri asipoleta mkataba au maelezo ya ajira kwa maandishi, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa ni wake.

Idara ina wahenga wake. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilivunjika mwaka 1977, mgawanyo wa mali na madeni yake ukakubaliwa mwaka 1984, na miaka ya 2000 wazee waliowahi kuitumikia walikuwa bado wanadai chao. Waswahili husema dawa ya deni ni kulipa. Idara imevumbua dawa mbadala, nayo ni kalenda.

Kalenda nyingine iko kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mdai hujaza fomu namba moja ya Tume, humpa mwajiri nakala, hutunza ushahidi kwamba imepokelewa, kisha huiwasilisha bila ada. Msuluhishi huwakutanisha wawili hao, na muda wa kawaida wa usuluhishi ni siku 30. Wasipoelewana, shauri huenda kwa mwamuzi, na tuzo yake hukaziwa Mahakama Kuu kama hukumu. Muhuri uliopokea sare kwa haraka hautashindwa kupokea na nakala hiyo.

Kanuni za usuluhishi na uamuzi za mwaka 2007 zinatoa siku 30 kwa anayepinga kuachishwa kazi, na siku 60 kwa madai mengine, yakiwemo haya ya stahiki. Hesabu huanza mgogoro ulipozuka, haingoji mhasibu arudi safari. Aliyechelewa anaweza kuomba kuongezewa muda, ila lazima aeleze sababu ya msingi, na subira peke yake ni sababu dhaifu.

Basi Idara na ilipe, na mdai ahesabu siku zake tangu safari ya kwanza ya dirishani. Siku ya 61 ndiyo kesho ambayo Idara imekuwa ikiisema muda wote.

Nakala: Kila aliyeambiwa avute subira, Ruanda, Vwawa na Tunduma.