Baraza la Saiwa

Katika kinamasi cha Saiwa, karibu na Kitale, chifu alikuwa Nzohe. Sifa za masikio yake makubwa zilifika Bungoma, naye aliamini kwamba yeyote aliyesema mbele yake amekwisha kusikika.

Siku ya baraza Kukhu (nyanya) Kanga alipanda kutoka Chwele na lalamiko. Dalali Kunguru alikuwa akinunua mahindi kwa bei ya gunia la kilo 90, kisha akilishindilia na kulishonea kichwa mpaka linameza gorogoro kadhaa za bure. Msimu wa mavuno, vifaranga wa waliovuna walilala njaa. Kanga alieleza yote polepole, kwa adabu. Lakini Kunguru alikuwa ametua begani kwa chifu, akimnong'oneza habari za malisho mabichi ya Cherangany.

"Nimesikia," Chifu akasema. "Baraza limefungwa."

Aliyewahi kusimama mbele ya karani anayetazama simu yake anajua uchungu alioupata Kanga.

Kicheche akainuka. "Mzee, Kukhu amesema nini?"

Chifu akatafuta kichwani. "Ilikuwa sauti ya kike. Yenye huzuni."

"Na maneno?"

Hakuwa nayo.

"Mwaka 1953," Kicheche akasema, "Mwingereza Colin Cherry aliwasikilizisha watu maneno haya sikio la kulia na mengine la kushoto, akawaagiza wafuate ya upande mmoja. Ya upande wa pili hawakuweza kuyataja; walitambua mambo machache tu, kama vile sauti kuwa ya kiume au ya kike."

"Masikio yangu ni mazima!"

"Mazima kabisa, Mzee. Sauti zote mbili ziliingia. Tofauti imetokea ndani, kwenye gamba la ubongo linaloshughulikia sauti. Mwaka 2012, huko San Francisco, Nima Mesgarani na Edward Chang walipima umeme wa sehemu hiyo kwa wagonjwa waliokuwa wakitibiwa kifafa. Watu wawili walisikika wakisema kwa pamoja, lakini umeme ule ulifanana na wa mgonjwa anayemsikiliza mmoja peke yake: yule aliyemtia maanani. Na jamaa zangu fereti wa maabara ya Maryland, walipofunzwa kutegea toni moja, seli za gamba lao la kusikia zilijirekebisha kuielekea toni hiyo kwa dakika chache tu. Hayo yaliandikwa mwaka 2003. Basi wewe ulimtegea Kunguru, na ubongo wako ukamkuza yeye."

Wazee wakaamua palepale. Kunguru ashuke begani. Kukhu aanze upya. Na chifu asihukumu neno kabla hajalirudia kwa kinywa chake, mpaka mlalamikaji akubali.

Chifu alikosea mara mbili, akarudishwa mara mbili. Ya tatu Kanga akasema, "Ndivyo."

Kunguru akaamriwa kurudisha mahindi ya ziada, na magunia ya Chwele yakaanza kupimwa kwa mizani.