Mganga Ameagiza Maji ya Baraka

Parokiani kwetu maji ya baraka yanaisha haraka kuliko soda kwenye harusi. Padre anabariki pipa zima Mkesha wa Pasaka, na Jumatatu ukienda na kichupa chako cha kistaarabu unakuta koki inakoroma. Wenzako wamekwisha kupita na madumu, yale ya mafuta ya kupikia, ya lita ishirini. Ukiuliza unaambiwa ni ya familia. Familia gani hiyo inayoogea baraka?

Jibu lilikuja lenyewe mlangoni kwangu. Jirani yangu mwenye genge la nyanya alipiga hodi jioni, akasalimia, akakataa kiti. Ukiona mtu wa mtaa huu amekataa kiti, ujue shida yake ni nzito.

"Kaka, naomba uniazime rozari yako."

Nikafurahi. Nikamwambia asubiri shemeji yake atoke jikoni tusali wote.

"Hapana, kaka. Si ya kusali. Ni ya kwenda nayo."

Kumbe genge limedorora, na mganga wa kule bondeni ametoa orodha: maji ya baraka kutoka makanisa matatu tofauti, rozari ya mtu anayesali kweli, tawi la Jumapili ya Matawi lililokauka, kipande cha mshumaa wa Pasaka, na jogoo mweupe. Kwenye orodha nzima, aliyekuwa hajaguswa na padre ni jogoo peke yake.

Haya makanisa matatu ndiyo yaliyonikaa kooni. La kwanza ni letu, pipa likiwa halijakauka. La pili ni kanisa la kiroho karibu na stendi, ambako mafuta ya upako yanauzwa kwa chupa, saizi tatu. La tatu lilikuwa la Walutheri, na Walutheri hawana desturi ya kuweka maji ya baraka mlangoni. Jirani yangu hakukwama. Alichota kwenye bomba la uani kwao, akasema mradi bomba liko ndani ya uzio, limehesabiwa. Wakuu wa makanisa waliunda Baraza la Makanisa Ulimwenguni kule Amsterdam mwaka 1948, na mpaka leo wanakaa vikao kutafuta umoja wa Wakristo. Mganga wetu ameupata ndani ya chupa moja, na ametikisa.

Rozari nilimnyima. Mke wangu akampa ya kwake kwa mlango wa uani.

Na msije mkasema haya ni ushamba wetu. Huko Roma, mwaka 1215, Papa Inosenti wa Tatu aliwakusanya maaskofu kwenye Mtaguso wa Nne wa Laterani, na katikati ya mambo makubwa ya imani wakaona waamuru jambo moja dogo la kifundi: Ekaristi na mafuta ya Krisma vifungiwe kwa ufunguo katika makanisa yote, asije mtu mwenye mkono mwepesi akavichukua kufanyia maovu. Maana yake Wazungu walikuwa wanaiba. Kwa hiyo msakristia wetu akizungusha ufunguo wake kwa yale madaha yanayotuchelewesha kwenda nyumbani, anatekeleza agizo la miaka zaidi ya 800.

Kwenye Ufalme wa Kongo nako mambo yalikuwa yale yale, ila wao hawakuiba, walipokea kwa heshima zote. Mfalme Nzinga a Nkuwu alibatizwa mwaka 1491, na mafundi wa huko wakaanza kusubu misalaba yao wenyewe ya shaba. Misalaba hiyo ikaishia mikononi mwa machifu, ikawa alama ya utawala na chombo cha kuamulia kesi. Mtakatifu Antoni wa Padua naye wakamchonga mdogo, wakamwita Toni Malau, wakamvaa ili bahati isiwapite na wajawazito wajifungue salama. Mtakatifu aliyezaliwa Lisbon akapewa kazi ya ukunga, na hakuna aliyemsikia akilalamika. Ninayelalamika ni mimi.

Nalalamika kwa sababu sijui tena ni nani anaamini nini. Juzi nimepanda daladala, nimebahatika kiti cha mbele. Kwenye kioo inaning'inia rozari. Kwenye dashibodi kuna Mtakatifu Kristofa, mlinzi wa wasafiri. Kwenye kioo cha mbele pamebandikwa Zaburi ya 91 yote, mpaka dereva anachungulia barabara katikati ya aya. Na chini ya usukani kimefungwa kitu kidogo kwa kitambaa cheusi.

"Kijana, hapo kinachotulinda ni kipi?"

"Mzee, hizi zote ni bima."

"Na breki?"

"Fundi amesema wiki ijayo."

Nyumbani nako sina pa kukimbilia. Mama mkwe alipokuja kumwona mjukuu alimletea medali ya Mtakatifu Benedikto, ile yenye herufi za Kilatini za kumkemea Shetani. Nikamshukuru. Kisha akaitunga kwenye kamba nyeusi, akamfunga mtoto mkononi, Biblia akaiweka chini ya mto, na ubavuni mwa Biblia akalaza wembe.

"Mama, shikamoo tena. Kama medali inamfukuza Shetani, kamba ni ya nini?"

"Marahaba. Kamba ni ya jicho la yule mama wa nyumba ya pili. Huyo hahusiani na Shetani, huyo ni kazi nyingine."

"Na wembe?"

"Baba, kwani wewe huna kazini kwako?"

Nikaenda kushitaki kwa paroko. Nilitegemea angalau mahubiri makali Jumapili, ya kupiga mimbari. Paroko akanitazama juu ya miwani, akasema, "Mzee, sisi ndio tulioanza." Akanieleza kwamba mwaka 601 Papa Gregori Mkuu aliwaandikia wamisionari wa Uingereza wasibomoe mahekalu ya wapagani: waondoe sanamu, wanyunyize maji ya baraka, waweke altare, ili watu waendelee kwenda pale walipozoea kwenda. Na mwanzoni mwa karne hiyo hiyo ya 7 Pantheon ya Roma, hekalu la miungu, ikawekwa wakfu kuwa kanisa. "Sasa kama sisi tulichukua nyumba nzima," akasema, "unashangaa wao kuchukua dumu?"

Sikuwa na jibu papo hapo. Nimelipata usiku, kitandani, muda ambao majibu yangu yote mazuri hufika.

Tofauti ni kwamba Gregori alitaka watu wabadilike. Mganga hataki ubadilike hata kidogo. Katekisimu inatufundisha kwamba visakramenti, yaani maji hayo, medali, matawi na vinginevyo, vinategemea sala ya Kanisa, na vinamwandaa mtu aipokee neema. Moyo wako lazima uwemo. Mganga amepitia orodha akaliondoa sharti la moyo, kwa kuwa haliingii kwenye chupa, akabakiza vinavyobebeka. Jirani yangu hajaambiwa apunguze bei ya nyanya, wala aache kuziweka mbovu chini na nzima juu. Ameambiwa alete jogoo.

Na bado, kinachoniuma zaidi ni kwamba huyu mganga ndiye aliyebaki kuviamini vitu vyetu kwa uzito. Mimi maji ya baraka napita nachovya kidole huku nawaza mpira. Rozari za nyumbani kwetu zimekaa kwenye droo pamoja na chaja mbovu. Yeye anazifunga kwa kitambaa safi, hamruhusu mtu azishike bila kunawa, na anatoza pesa. Vitu ambavyo parokia inavigawa bure na bado hatuvijali, yeye anavirudisha mtaani kwa laki na nusu, watu wanapanga foleni alfajiri.

Basi nina hoja kwa kamati ya fedha. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inawataka waganga wajisajili serikalini. Wakimaliza huko wajisajili na kwetu. Mtu anayetumia maji yetu, matawi yetu, mishumaa yetu na rozari ya mke wangu kuendeshea kilinge chake ni mdau mkubwa wa parokia, kuliko wengi tunaokaa mabenchi ya mbele, na mchango wa ukuta bado haujatimia. Bahasha za zaka zipo kwa katibu. Risiti anapewa.