Heri Kuwa Gunia la Saruji

Katika matangazo ya meli za matembezi hakuna mtu anayepanda meli. Tazama vizuri: kila abiria tayari yuko juu, amejinyoosha kwenye kiti kirefu, mkononi ana glasi ya maji ya matunda, na nyuma yake bahari imetulia utadhani nayo imelipwa kupigwa picha. Wamefikaje pale? Tangazo halisemi. Mwenye magoti mazima hata hajiulizi. Lakini mwenye magongo, mwenye kiti cha magurudumu, mzee aliyeshikwa na baridi yabisi na mama ambaye mguu wake mmoja umeamua kustaafu kabla ya mwenzake, hao swali lao la kwanza ni hilo: walipandia wapi? Nami nashikilia kwamba swali hilo ndilo lenye uzito kuliko mengine yote. Chombo chenyewe mara nyingi hakina neno. Safari ya majini humshinda mtu kwenye mita moja tu, ile iliyopo kati ya nchi kavu na ubavu wa chombo. Msafiri ambaye miguu yake haimtii afanye hesabu zake zote hapo, na habari za chakula, muziki na rangi ya mapazia aziachie baadaye.

Tuanze na meli kubwa ili tuzimalize, maana hakuna hata moja itakayotia nanga Bujumbura. Icon of the Seas, iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2024, ina urefu wa karibu mita 365. Ziwa Tanganyika lingeimeza bila shida, ila meli hiyo ingelazimika kwanza kupanda mlima wa zaidi ya mita 770, na kwa jambo la kupanda, meli na mwenye baridi yabisi ni ndugu. Ndani ya meli za namna hiyo mambo ni mazuri. Kuna lifti, kuna vyumba vyenye milango mipana isiyo na vizingiti, kuna bafu la kuingia na kiti chako. Vyumba hivyo ni vichache na huwahiwa mapema, basi anayevitaka asingoje bei ishuke. Sheria nazo zipo. Mwaka 2005 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba hata meli zenye bendera ya nchi nyingine, zikiwa kwenye maji ya Marekani, haziwezi kuiepa sheria inayowalinda watu wenye ulemavu. Umoja wa Ulaya nao una kanuni ya haki za abiria wa majini, inayotumika tangu Desemba 2012. Pamoja na hayo yote, meli ikifika kwenye kisiwa kisicho na gati la kuitosha, hutia nanga mbali, na abiria huteremshwa kwa boti ndogo. Hapo nahodha ana haki ya kutazama mawimbi, kutazama kiti chako, na kukushauri ubaki. Utakuwa umelipa nauli kamili ili ukione kisiwa kwa mbali, jambo ambalo kalenda ya ukutani hulifanya bure. Kwa hiyo kabla ya kulipa, omba kwa maandishi orodha ya bandari ambazo meli inafunga gatini na zile inazosimama nje. Uliza upana wa mlango kwa sentimita, kwa sababu neno “mpana” limewahi kutamkwa na watu wasio na kiti cha magurudumu. Uliza pia ni nani atakushusha siku king’ora kikilia, maana lifti huwa za kwanza kuzimwa.

Sasa turudi ziwani kwetu, ambako hoja yangu ina ushahidi wa chuma. Hakuna chombo kilichobebwa katika historia ya ukanda huu kama ile meli inayoitwa Liemba. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, kwa jina la Graf von Götzen. Ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikavushwa bahari hadi Dar es Salaam, kisha reli na migongo ya watu vikaifikisha Kigoma, ilikounganishwa upya. Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha ili isichukuliwe na maadui, lakini kwanza wakazipaka mashine zake grisi ili zisiharibike. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Angalieni heshima hiyo. Meli isiyoweza kutembea nchi kavu ilibebwa nusu ya dunia, ikalala miaka kadhaa chini ya maji na mafuta mwilini, ikainuliwa taratibu, na hakuna aliyesimama pembeni yake akisema, “Jikaze, mbona wenzako wanaweza!” Halafu meli hiyohiyo, iliyopata kila msaada, ikaja kumpokea abiria mwenye mguu mmoja kwa namna gani? Katika njia yake ya Kigoma hadi Mpulungu vituo vingi havikuwa na gati. Meli ilisimama majini, mitumbwi na boti zikaikimbilia kutoka ufukweni, na kupitia mlango wa ubavuni watu, kuku, mananasi na magodoro wakaingia na kutoka kwa pamoja, kila mmoja akiamini zamu ni yake. Mtumbwi unapanda, meli inashuka. Mtumbwi unashuka, meli inapanda. Kuna nukta moja ambapo viwili hivyo viko sawa, na katika nukta hiyo mtu huvutwa mkono, akatua juu ya godoro la mwenzake. Mwenye miguu miwili anaiita hiyo safari. Mwenye mmoja anahitaji jina jingine, na gazeti hili husomwa na watoto.

Upande wa pili wa jambo hili hauchekeshi. Mei 2015, maelfu ya Warundi waliokimbia nchi walipokuwa wamerundikana Kagunga, kijiji cha Tanzania jirani kabisa na mpaka wetu, Liemba ndiyo iliyotumwa kuwapeleka Kigoma. Kagunga hapakuwa na gati. Wazee, wagonjwa na waliojifungua karibuni walifikishwa kwenye meli kwa boti ndogo, mikononi mwa watu. Nalitaja hilo kwa sababu wengi hudhani gati lenye njia ya mteremko ni anasa ya watalii wanaotaka kupiga picha za viboko. Siku ya balaa ndiyo siku ambayo mita moja inahesabiwa.

Lakini anayedhani kwamba watu wa bandarini hawajui kuvusha kitu kizito kisicho na miguu, aende akatazame shehena ikipakiwa. Gunia la saruji halina goti hata moja, na linapanda melini bila kunung’unika. Lina karatasi inayotaja uzito wake, lilikotoka na liendako. Lina mbao za kupitishia, lina winchi, lina watu wanaolipwa kwa kazi hiyo, na likianguka ziwani kuna mtu atakayeulizwa. Kreti za bia zinashughulikiwa kwa upole ambao mkwe hajawahi kuuona. Ng’ombe mwenyewe hutafutiwa ubao mpana, kwa kuwa kila mtu anajua ng’ombe hapandi ngazi. Ni bibi wa miaka sabini peke yake anayetarajiwa kuruka. Yeye hana karatasi inayosema ashikwe wapi, na matokeo yake kila kijana anashika panapomjia: mmoja kwapa, mwingine kiuno, wa tatu kanga, na wa nne, mwenye nia njema kuliko wote, anachukua mkongojo na kukimbia nao mbele ili usipotee. Bibi anafika upande mmoja, fimbo upande mwingine, na kati yao kuna ziwa lenye kina cha zaidi ya mita 1,400. Mtu akitaka kusafiri kwa usalama katika mazingira hayo, inabidi ajifunze kutoka kwa gunia. Ajue uzito wake kwa kilo na autamke bila haya. Aandike jina na namba ya simu kwenye kiti na kwenye mkongojo. Aseme kwa sauti, kabla ya mkono wowote kumgusa, ashikwe wapi na asishikwe wapi, na achague mtu mmoja wa kutoa amri. Wachukuzi wanne wenye amri nne ni hatari kuliko mawimbi.

Hapo ndipo ninapojibiwa na watu wenye moyo mzuri: “Sisi si Wazungu. Kwetu hatuhitaji mitambo, tuna watu. Nani amewahi kuachwa ufukweni?” Hoja hii ina nguvu, na sitaidharau, kwani ni kweli kwamba katika Bujumbura mzee akisimama mbele ya ngazi akiwa amekunja uso, kabla hajakohoa mara mbili vijana watatu wamefika. Kuna miji tajiri ambako angesimama hapo mpaka jioni akisubiri fundi wa lifti. Ila mikono ina kasoro ambazo ubao hauna. Mikono huchoka, huteleza, huwa na simu ndani yake. Mikono huja na maoni: umenenepa, ungekaa nyumbani, una dawa gani unatumia, shemeji yangu alipona kwa majani fulani. Tena mikono hukuamulia. Aliyebebwa hafiki mahali anapotaka, anafika mahali wabebaji walipochokea, na hapo ndipo atakapokaa safari nzima, jirani na injini. Ubao wenye mteremko mpole haukuulizi umeoa au hujaoa. Na sioni kwa nini tuchague kimoja. Ubao ukiwepo, vijana wale watatu watabaki na kazi ya kusukuma kiti na kutoa maoni yao kama kawaida.

Pingamizi la pili huletwa na wenye kupenda hesabu: watu wenye ulemavu hawasafiri majini, kwa hiyo gati lao litakaa bure. Ni sawa na kufunga mlango halafu kuandika ripoti kwamba hakuna aliyeingia. Na hata hivyo si kweli. Kwa miongo kadhaa, kwenye vivuko vya mto Kongo kati ya Kinshasa na Brazzaville, abiria mashuhuri kuliko wote walikuwa wafanyabiashara wenye ulemavu, juu ya baiskeli zao za magurudumu matatu za kusukuma kwa mikono. Walikuwa wamepewa nafuu ya nauli na ya ushuru, na kwa nafuu hiyo walivusha mali nyingi kiasi kwamba watu wenye miguu mizima waligombea kuajiriwa kuwasukuma. Mpakani Goma na Gisenyi nako baiskeli hizo zimepita zikiwa zimejazwa mizigo mpaka dereva haonekani. Mpe mtu sababu ya kuvuka na mahali pa kupitisha magurudumu, halafu urudi na hesabu zako.

La tatu ni fedha, na hapa naombwa nitazame hali ya nchi. Naitazama. Burundi iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2014, na Januari 2018 ikapata sheria yake yenyewe ya kuzilinda haki hizo. Ngazi za zege hazijasoma yoyote kati ya hizo mbili. Lakini ninachodai hakihitaji mkopo wa Benki ya Dunia. Ubao wa ng’ombe tayari upo. Kinachokosekana ni fikra kwamba mtu anaweza kuupitia bila kuvunjiwa heshima, pamoja na kamba ya kushikilia pembeni. Ujenzi wa kudumu kwenye ziwa hili una matatizo yake, kwani ziwa lenyewe halitulii: tangu karibu mwaka 2020 maji yamepanda, Gatumba imefurika, na mwaka 2024 hata bandari ya Bujumbura iliingiliwa na maji. Gati lililokuwa juu ya boti mwaka fulani linajikuta chini yake mwaka mwingine. Ubao unaohamishika unapanda na kushuka na ziwa, na seremala wa Buyenzi anaweza kuutengeneza kwa siku chache.

Mpaka ubao huo upatikane, anayetaka kwenda Jumapili kwenye boti za kuangalia viboko karibu na mdomo wa mto Rusizi afanye hivi. Amtume mtu siku moja kabla, si kuangalia boti bali kuangalia mahali pa kupandia: ni mchanga, ni mawe, au ni ngazi, na ngazi ngapi. Mchanga mkavu humeza magurudumu membamba, kwa hiyo atafute ufukwe wenye mchanga mgumu uliolowa. Aende asubuhi, kwa maana upepo wa mchana huamsha mawimbi, na kati ya Juni na Agosti upepo wa kusini hauna adabu kabisa. Achague boti pana yenye ubavu mfupi, hata kama ile nyembamba ina rangi nzuri na muziki. Avae jaketi la kuokolea kabla ya kubebwa, kwani ajali inaweza kutokea mtu akiwa bado hajaanza safari. Kiti kifungwe kamba. Mkongojo usitoke mkononi mwake, hata kwa kijana mwenye tabasamu. Na bei ya kubebwa, kwenda na kurudi, ipatanwe miguu ikiwa bado inagusa ardhi, kwa sababu mtu aliyeko hewani juu ya mikono minne hajawahi kupunguziwa hata faranga moja.